KWA NINI MTOTO ACHOMWE SINDANO KABLA YA KUANZA DAWA?



Mzazi anayetumwa kutoka kambini kwenda Hospitali ya King Faisal, Kacyiru, kwa sababu mtoto ana uvimbe chini ya kitovu, hutarajia operesheni. Akiambiwa kwamba kwanza kitatolewa kipande cha uvimbe kwa sindano, hushtuka: si wameshauona kwenye picha?

Picha huonyesha uvimbe uko wapi na una ukubwa gani. Haitoshi kutaja jina la ugonjwa, na matibabu hufuata jina. Kansa ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 baada ya kuiona kwa watoto wa Uganda, huweza kushika hata mifuko ya mayai ya msichana. Hiyo hutibiwa kwa dawa, si kwa kisu. Kansa ya misuli inayoota kwenye kibofu, iitwayo rabdomayosakoma, mara nyingi hupunguzwa kwanza kwa dawa ili kibofu kiokolewe. Na uvimbe mwingine si kansa kabisa. Anayeharakisha kukata anaweza kumwondolea mtoto kiungo bure.

Kipimo hiki huitwa biopsi. Mtoto hulazwa usingizi kwa dawa, kwa hiyo hasikii maumivu wakati huo. Daktari hutazama kioo cha ekografi (wengine husema ultrasaundi) au cha skana, na kuongoza sindano akikwepa utumbo, kibofu na mishipa ya damu. Hutoa vipande kadhaa vyembamba kama uzi mnene.

Wengi husema kansa ikiguswa husambaa. Kusambaa kwa njia ya sindano hutokea mara chache sana, na madaktari huchagua njia ya kupitia wakifikiria operesheni ya baadaye. Kansa iliyoachwa bila dawa ndiyo inayosambaa.

Kabla ya kwenda, mwambie muuguzi dawa zote anazotumia mtoto, hata za mitishamba, na kama hutokwa damu kwa urahisi. Fuata saa alizoambiwa asile. Mkisharudi, damu isiyokoma, homa, tumbo kuuma sana au kushindwa kukojoa ni sababu ya kukimbilia kituo cha afya, hata usiku.

Jibu la maabara halitoki siku hiyo; huenda likachukua siku nyingi. Hapo ndipo wengine hupotea. Uliza tarehe ya kurudi, iandikwe kwenye karatasi, na uache namba ya simu inayopatikana, hata ya jirani.