Eksaji: Kipimo cha Ubora wa Nishati

Kanuni ya kwanza ya thamodinamiki hueleza kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Ikiwa ndivyo, ni kitu gani basi kinachokwisha mtu anapotumia umeme au kuni? Kinachokwisha ni eksaji, yaani kiasi cha juu kabisa cha kazi kinachoweza kupatikana kutokana na nishati hadi itakapolingana na mazingira yake. Istilahi hii ilibuniwa katika miaka ya 1950 na mhandisi Zoran Rant wa Slovenia kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "nje" na "kazi", ingawa chimbuko la fikra yenyewe ni Mfaransa Sadi Carnot, mwaka 1824.

Chukua mfano wa maji ya kuoga. Umeme waweza kugeuzwa karibu wote kuwa kazi, joto haliwezi. Maji yakipashwa kwa umeme kutoka nyuzi 20 hadi 40 za Selsiasi, hesabu ya nishati hudai kwamba takriban asilimia 100 imefaidi. Hesabu ya eksaji, mazingira yakiwa na nyuzi 20, huonyesha kuwa ni kama asilimia 3 tu ya ule uwezo wa kutenda kazi iliyobaki katika maji. Kilichosalia hakikuvuja popote, kimeharibiwa. Paa lenye mtambo wa kupashia maji kwa jua lingetosha.

Uchanganuzi huu hufaa zaidi pale macho yanapodanganya. Katika kituo cha umeme kinachochoma makaa ya mawe, joto jingi hutupwa kwenye chombo cha kupozea mvuke, na mhasibu wa nishati hukilaumu chombo hicho. Lakini joto hilo ni vuguvugu, halina thamani kubwa. Uharibifu mkubwa hutokea ndani ya boila, ambamo ndimi za moto zenye nyuzi zaidi ya 1000 huchemsha maji ya mvuke wa nyuzi 500 hivi. Huko ndiko mhandisi anapaswa kuelekeza fedha za marekebisho.

Karibu na Ziwa Naivasha, shamba la maua la Oserian lilianza mwaka 2003 kupasha vitalu vya waridi kwa joto la visima vya Olkaria, hasa usiku, ili kupunguza unyevu unaoleta ukungu. Waridi halihitaji zaidi ya uvuguvugu; kulipashia joto kwa umeme kungekuwa israfu.