Baiskeli, Mlima na Bwawa: Somo la Nishati katika Bonde la Mto Pangani

Katika mji mdogo wa Mombo, mkoani Tanga, barabara ya Lushoto huiacha barabara kuu iendayo Moshi na kuanza kuipanda milima ya Usambara. Mombo iko kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400. Urefu wa njia ni kilomita 33 hivi. Abiria wa basi aghalabu husinzia, au hulitazama korongo kwa hofu, na safari humwishia asijue ni kazi kiasi gani iliyofanywa na injini. Mwendesha baiskeli hana nafasi hiyo. Kila mita anayopanda huilipia kwa miguu yake, na kwa sababu hiyo yeye ni mwanafunzi mzuri sana wa sura ile ya fizikia ihusuyo kazi, nishati na nguvu.

Vitabu vingi vya shule hufundisha sura hiyo kwa kipande cha mbao kinachoteleza juu ya ubao usio na msuguano. Ubao wa namna hiyo hakuna mwalimu aliyepata kuuona. Barabara ya Lushoto ipo, baiskeli zipo, na hesabu zake si ngumu kuliko zile za kitabuni.

Gharama ya kupanda

Na ichukuliwe kwamba mwendeshaji ana tungamo la kilo 60, na baiskeli yake, ya aina ile nzito ya Phoenix iliyozoeleka vijijini, ina kilo 20. Jumla ni kilo 80. Kazi ya kuinua tungamo hilo mita 1,000 hupatikana kwa kuzidisha tungamo, mchapuko wa mvutano wa dunia na kimo: 80 × 9.8 × 1,000, yaani juli 784,000, au kilojuli 784. Kiasi hicho hakitegemei urefu wa barabara wala idadi ya kona. Wajenzi wa barabara waliizungusha mlimani ili kupunguza kani inayohitajika katika kila mita moja. Kazi ya kuufikia mlima juu ilibaki vile vile.

Juu ya kazi hiyo kuna ushuru wa aina mbili. Mpira wa gurudumu hubonyea kila unapogusa lami, na kubonyea huko hula nishati. Kwa mipira ya kawaida iliyojazwa upepo vizuri, kani hiyo ya ukinzani ni kama sehemu 8 kwa 1,000 za uzito, yaani nyutoni 6 hivi kwa mfano huu. Katika kilomita 33 hukusanyika zaidi ya kilojuli 200. Hewa nayo, kwa mwendo wa pole wa kupanda, hudai kiasi cha kilojuli 100. Jumla yote ni karibu kilojuli 1,100.

Mtu mwenye afya, asiye mwanariadha, aweza kutoa nguvu ya wati 100 kwa muda mrefu, yaani juli 100 kila sekunde. Kilojuli 1,100 zitamchukua sekunde 11,000, ambazo ni saa tatu na dakika chache. Lakini misuli si mashine kamilifu. Katika nishati inayotoka kwenye chakula, chini kidogo ya robo ndiyo inayogeuka kuwa kazi; iliyobaki hutoka kama joto, na ndiyo maana jasho humtiririka mtu hata katika baridi ya Usambara. Safari hiyo basi yahitaji kilojuli 5,000 za chakula hivi, sawasawa na theluthi moja ya kilo ya unga wa mahindi. Mwanafunzi anayefikiri kwamba kikombe cha chai ya asubuhi kitamfikisha Lushoto na aifanye hesabu hii kabla ya kuondoka.

Kwa nini watu hushuka na kusukuma

Mita 1,000 kwa kilomita 33 ni mwinamo wa wastani wa mita 3 kwa kila mita 100. Wastani huo una udanganyifu wake. Sehemu kubwa ya kupanda imo kabla ya Soni, mahali ambapo mto huporomoka katika maporomoko yanayoonekana toka barabarani. Baada ya hapo njia hulegea. Zipo sehemu kali kuliko asilimia 3 kwa mbali, na njia za udongo ziendazo vijijini huwa kali zaidi.

Baiskeli ya kawaida isiyo na giya za kubadilisha ina, kwa mfano, meno 48 mbele na 20 nyuma. Gurudumu lake huenda mita 2.2 hivi kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedeli huipeleka baiskeli mita 5.3, ilhali mguu wenyewe umezunguka mita 1.07 tu. Kilichopatikana katika umbali hulipwa katika kani: mguu lazima usukume kwa kani iliyo karibu mara 5 ya ile inayohitajika kwenye gurudumu. Katika mwinamo wa asilimia 6, gurudumu lahitaji nyutoni 53, na mguu wapaswa kutoa wastani wa nyutoni 260. Lakini pedeli ikiwa juu kabisa au chini kabisa, msukumo wa mguu haufai kitu. Ili wastani upatikane, mguu hulazimika kufikia mara moja na nusu ya kiasi hicho pedeli ipitapo katikati, yaani nyutoni 410 hivi. Uzito wa mwendeshaji mzima ni nyutoni 588. Kwa hiyo huinuka kwenye kiti na kusimama juu ya pedeli.

Katika mwinamo wa asilimia 10, hesabu hiyo hiyo hutoa nyutoni 650. Sasa hata akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedeli moja, baiskeli haiendi, isipokuwa auvute usukani kwa mikono kuongeza kani. Hivyo mzee anayeonekana akisukuma baiskeli yake kwenye kilima si mvivu wala si dhaifu. Meno 48 na 20 yamemwamulia. Kijana mwenye baiskeli ya giya, akiweka meno sawa mbele na nyuma, atapita papo hapo kwa kani isiyofikia nusu ya uzito wake. Naye hapunguziwi kazi hata juli moja: atazungusha pedeli mara 2.4 zaidi.

Deni la kushuka

Kilojuli 784 zilizowekwa mlimani hazikupotea. Ni nishati tuli, na wakati wa kushuka hudai kutoka. Zingegeuka zote kuwa joto, zingechemsha lita mbili na zaidi za maji yaliyokuwa baridi. Katika mwinamo wa asilimia 3 hewa na mipira huweza kuzipokea zote: baiskeli iliyoachiwa hufikia mwendo wa kilomita 26 kwa saa hivi na kubaki hapo. Katika asilimia 8, mwendo huo wa mwisho huwa karibu kilomita 47 kwa saa. Ndipo breki hutakiwa kufanya kazi ambayo hewa imeshindwa.

Usambara ni shamba la kabichi, nyanya, karoti, viazi, plamu na pea. Ingawa pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya uchukuzi, matenga bado hufungwa kwenye keria za baiskeli na kuteremshwa. Na ichukuliwe kwamba mzigo ni kilo 80. Jumla ya tungamo imekuwa kilo 160. Breki za rimu hutegemea kani ya mkono, na mkono hauongezeki nguvu kwa sababu mzigo umeongezeka. Ikiwa baiskeli isiyo na mzigo, katika barabara tambarare iliyo kavu, hupunguza mwendo kwa mita 3 kwa sekunde kila sekunde, yenye mzigo hupunguza kwa 1.5 tu. Mteremko wa asilimia 8 hurudisha karibu 0.8. Kwa mwendo wa kilomita 47 kwa saa, asiye na mzigo atasimama baada ya mita 38 hivi. Mwenye mzigo atahitaji mita 120, na katika barabara ya korongo ni nadra kuona mita 120 mbele.

Mvua au ukungu ukilowesha rimu za chuma, raba za breki huteleza. Breki ikibakiwa na theluthi moja ya uwezo wake, upunguzaji ni 0.5. Hiyo ni ndogo kuliko 0.8 ya mteremko. Maana yake ni nzito kuliko inavyoonekana katika tarakimu: baiskeli hiyo haitasimama baada ya umbali wowote. Itaongeza mwendo huku breki zimebanwa mpaka mwisho. Katika hali hiyo kuanza kwa mwendo mdogo hakusaidii. Kinachosaidia ni kupunguza mzigo, au kushuka na kutembea huku baiskeli ikizuiwa kwa mwili, na kulijua hilo kabla ya kuondoka juu.

Hata palipo pakavu kuna suala la joto. Baiskeli hiyo yenye mzigo, ikizuiliwa kwenye kilomita 20 kwa saa katika mteremko huo huo, hutoa kwenye breki kiasi cha wati 550, kama nusu ya pasi ya umeme iliyobandikwa kwenye rimu mbili. Gundi ya viraka hulainika na mpira huweza kupasuka. Wazoefu husimama njiani mara kwa mara, na wapita njia hudhani wamechoka.

Kuelekea bwawani

Toka Mombo barabara kuu huelekea kaskazini-magharibi, milima ikiwa kulia na nyika kushoto, hupita Same na kufika Mwanga. Upande huo wa milima ya Pare ni mkavu kwa sababu pepo za Bahari ya Hindi zimekwisha kumwaga mvua yake upande wa pili. Hapa mzigo mkubwa wa mwendeshaji si mlima bali hewa. Ukinzani wake hufuata kipeo cha pili cha mwendo: anayekwenda kilomita 15 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15 hukabiliwa na kani mara nne ya siku isiyo na upepo.

Magharibi ya Mwanga limelala bwawa la Nyumba ya Mungu, lililokamilika katikati ya miaka ya 1960. Mto Kikuletwa huliletea maji ya Meru na Kilimanjaro, na Mto Ruvu huja toka Ziwa Jipe. Kituo chake cha umeme kina uwezo wa megawati 8. Kwa wati 100 kwa kila mtu, hao ni waendesha baiskeli 80,000 wanaokanyaga pedeli bila kupumzika.

Kanuni ni ile ile ya kupanda Lushoto, ikisomwa kinyumenyume. Mita moja ya ujazo ya maji ina tungamo la kilo 1,000. Ikianguka mita 25 hutoa kilojuli 245. Hiyo ni chini ya theluthi moja ya nishati aliyoiweka mwendeshaji mmoja mlimani kwa asubuhi moja. Tani nzima ya maji imeshindwa na mtu na baiskeli, kwa sababu kimo chake ni kidogo. Bwawa hushinda kwa wingi: kwa kimo hicho cha mfano, megawati 8 zahitaji mita za ujazo 38 hivi kila sekunde, ikihesabiwa kwamba mashine hupoteza asilimia 15. Mwalimu aweza kuwaachia wanafunzi waithibitishe hesabu hiyo wenyewe.

Wakimaliza, wafungue ramani. Maji yanayotoka Nyumba ya Mungu huteremka kwa Mto Pangani. Maji ya maporomoko ya Soni, yale ambayo mwendeshaji aliyapita akihema, huingia Mto Mkomazi, nao hukutana na Pangani kabla ya Korogwe. Chini yake ipo Hale, yenye megawati 21 tangu 1964, na kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, chenye megawati 68 tangu 1995. Soni iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya kimo hicho maji yamekwisha kuipoteza kwa kujipasha joto yenyewe korongoni kabla hayajaifikia mashine ya kwanza.