Tafakari ya Vijana: Miti Iliyoanza Kuchipua



Kijana mwenzangu, leo tujifunze kupitia picha. Miaka ya 1880 ikianza, mchoraji Alfred Sisley alichora njia ya miguu kando ya mto Seine, Ufaransa. Baridi ndiyo inaisha. Njiani amesimama msichana mwenye gauni la bluu, na miti mirefu ndiyo kwanza inaanza kuchipua. Siku hizi picha hiyo ni mali ya jumba la sanaa la Tate, London.

Sisley alikuwa mmoja wa waimpreshonisti. Hawa walibeba turubai zao wakaenda kuchorea nje, upesi, kabla mwanga haujabadilika. Waliweka madoa mafupi ya rangi, moja kando ya jingine. Ukiisogelea sana picha unaona madoa tu. Rudi nyuma hatua chache, mto unaonekana.

Ila kilichonigusa zaidi ni maisha yake. Biashara ya baba yake ilianguka kwa sababu ya vita ya 1870, na tangu hapo Sisley akaishi kwa shida. Picha zake ziliuzwa kwa bei ya chini. Alifariki Januari 1899 akiwa bado maskini. Bei zilipanda yeye akiwa kaburini. Na miaka yote hiyo aliendelea kuchora.

Sisi Muleba tuna kahawa. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, kibanja kizima kinakuwa cheupe kwa maua, kinanukia. Siku chache tu, maua yamenyauka. Mkulima hang'oi mibuni yake. Anajua kuiva ni miezi mingi, na anaendelea kupalilia.

Wengi wetu tuko hapo. Umemaliza chuo, uko nyumbani, kila shangazi akija anauliza, "Vipi, kazi bado?" Siwezi kukuahidi kazi mwezi ujao, Sisley mwenyewe hakuyaona malipo yake. Ninachoamini ni kwamba Mungu anaiona picha yote, na jembe uliloshika leo kwa uaminifu halipotei mbele zake.

Zoezi la wiki: zima simu dakika 10, kaa kando ya ziwa au kijito cha kwenu, utazame tu. Kisha soma Mathayo 6:25-34. Jiulize: ni jambo gani jema nimeliacha kwa sababu hakuna anayeliona?

Tusali: Ee Bwana, utujalie uvumilivu wa mkulima, na macho ya kuona unachochipusha ndani yetu. Amina.