Joto Ndani ya Giaboksi: Kwa Nini Gari la Otomatiki Hushindwa Kupanda Mlima

Kila ifikapo mwezi wa Desemba, barabara zipandazo kutoka Moshi kwenda Kibosho hujaa magari ya wenyeji warudio nyumbani kwa sikukuu. Mengi ya magari hayo siku hizi ni ya otomatiki, yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Si ajabu kulikuta mojawapo limesimama kando ya migomba, boneti wazi, ilhali injini yanguruma vizuri wala rejeta haitoi mvuke. Mwaka mmoja gari la namna hiyo lilikuwa la shemeji yangu, nami nilikuwamo pamoja na watu wengine sita na magunia mawili ya mchele. Tulikaa saa nzima. Kisha gari likapanda tena kana kwamba halikuwa na kasoro. Fundi wa mjini alitoa hukumu ya haraka: giaboksi imekufa, inunuliwe nyingine.

Kabla ya kuikubali hukumu hiyo, yafaa tujiulize: ni kitu gani kilichopoa katika saa ile moja?

Gari la otomatiki halina klachi ya mguu. Mahali pake pana konveta, yaani chombo cha mviringo kilichofungwa na kujaa mafuta. Ndani yake mna magurudumu mawili yenye mapanga, yanayotazamana bila kugusana. La kwanza, liitwalo pampu, huzungushwa na injini na kuyarusha mafuta kwa la pili, liitwalo turbini, ambalo huizungusha giaboksi. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa feni mbili za mezani zilizoelekezana: akiwasha moja tu, upepo wake utaizungusha ya pili. Kati ya magurudumu hayo lipo la tatu, stata, ambalo huugeuza mkondo wa mafuta yarudiyo ili uisaidie pampu badala ya kuipinga. Kwa njia hiyo nguvu ya kuzungusha huweza kuongezeka kiasi cha mara 2 gari linapoondoka. Chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya meli. Hataza yake iliombwa mwaka 1905 na mhandisi wa Kijerumani, Hermann Föttinger.

Lakini vitu visivyogusana huteleza, na utelezi una gharama yake. Tuchukue gari lililojaa mizigo, linalopanda polepole, turbini yake ikizunguka kwa nusu ya mwendo wa pampu, na nguvu ya kuzungusha ikiwa imeongezeka mara 1.5. Ufanisi wa konveta ni 0.5 × 1.5, yaani 0.75. Ikiwa injini inatoa kilowati 20, kilowati 15 huenda kwenye giaboksi, na kilowati 5 hugeuka kuwa joto ndani ya mafuta. Ni sawa na kutumbukiza humo majiko matano ya umeme ya kilowati moja moja.

Mwanafunzi na aendelee na hesabu. Lita 7 za mafuta hayo zina masi ya kilo 6 hivi, na kila kilo huhitaji jouli zipatazo 2,000 ili ipande digrii moja ya sentigredi. Kwa hiyo jouli 12,000 zatosha kuyapandisha mafuta yote digrii moja. Jouli 5,000 kwa sekunde zitayapandisha digrii 25 kwa kila dakika! Chuma kinachoyazunguka hunywa sehemu ya joto hilo, na kipoozi, ambacho aghalabu kimo ndani ya rejeta, huondoa sehemu kubwa zaidi. Lakini kipoozi kikiziba, au mafuta yakipungua, dakika chache za mlima zatosha kuyatoa kwenye digrii 90, zilizo za kawaida, hadi kiwango cha kuyaunguza.

Mafuta yaliyopata moto mno hupoteza mnato. Hayo hayo ndiyo yanayokandamiza bamba za klachi zilizomo ndani ya giaboksi. Yakiwa mepesi kama maji huvuja kupita mipira, shinikizo hushuka, bamba huteleza, nao utelezi huzaa joto jingine. Tena gari likiinama mlimani, mafuta haba hukusanyika upande mmoja, na pampu ya giaboksi hufyonza hewa. Hiyo ndiyo siri ya ile saa moja: mafuta yalipopoa yalirudisha mnato wake.

Tulipoyachungulia, mafuta ya shemeji yalikuwa meusi yenye harufu ya kuungua, na bomba la kipoozi lilikuwa likidondosha. Fundi hakukosea kabisa, maana bamba zilikwisha kuungua, na mafuta mapya hayawezi kuzifufua. Alilokosa ni kutafuta sababu. Giaboksi mpya juu ya bomba lile lile ingekufa Desemba iliyofuata.

Mafuta mazuri kwa kawaida ni mekundu na maangavu. Yakiwa na rangi ya waridi na ukungu kama maziwa, maji ya rejeta yameingia kupitia kipoozi kilicholiwa na kutu, tatizo liwapatalo hasa wanaojaza rejeta maji ya mfereji matupu mwaka baada ya mwaka. Gari likitetemeka katika mwendo wa wastani, kana kwamba linapita juu ya vituta vidogo, mara nyingi ni ile klachi ya konveta ishikayo na kuachia, nayo huharibiwa upesi na mafuta yasiyo ya aina yake. Mafundi wetu huyaita yote «haidroliki», kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja, kila aina hutiwa dawa zake za kuongoza msuguano. Hapo zamani, hadi miaka ya 1970, mafuta ya nyangumi yalikuwa miongoni mwa dawa hizo.

Katika magari mengi yenye kijiti, kipimo huchukuliwa mafuta yakiwa ya moto, injini ikizunguka, gari likiwa mahali tambarare, sharti ambalo huko Kibosho si jepesi kulitimiza. Wakati wa kupanda, gia ya 2 au L huikaribisha turbini kwenye mwendo wa pampu na kupunguza utelezi. Kulizuia gari mlimani kwa kukanyaga mafuta badala ya breki ni kosa: turbini imesimama, ufanisi ni sifuri, na nguvu yote ni joto. Nao wanaoteremka kuelekea Moshi wakiwa wamezima injini ili kuokoa petroli huisimamisha pampu ya giaboksi, ilhali magurudumu yanaendelea kuizungusha giaboksi isiyopata mafuta.