Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi: Nani Bosi wa Mwalimu?



Mwaka jana, wiki ya pili ya BTP, kijana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali nikageukia ubao, nikajifanya nafuta. Shule yenyewe iko upande wa Busokelo, kule Rungwe, ambako mvua inaanza asubuhi na daftari zinanuka ukungu. Nilikuwa nafundisha uongozi wa serikali. Nimechora ngazi moja safi kabisa: Rais juu, chini yake mkuu wa mkoa, halafu mkuu wa wilaya, mkurugenzi, diwani, mwenyekiti wa kijiji, na mwananchi pale chini kabisa. Mishale yote inashuka. Nikasema nani ana swali.

"Madam, wilaya yetu ni Rungwe na mkuu wa wilaya ni mmoja. Mbona wakurugenzi wako wawili?"

Darasa likacheka, mimi nikasema "swali zuri, tutalijibu kesho". Wote mnajua maana ya jibu hilo. Usiku ule nikagundua kwamba ngazi niliyochora haipo. Nilikuwa nimeikariri tangu shule ya msingi, nikaifanyia mtihani, nikafaulu, na haipo. Zipo ngazi mbili.

Ya kwanza ni ya serikali kuu: mkoa, wilaya, tarafa. Huku wako mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na afisa tarafa. Ya pili ni ya serikali za mitaa: halmashauri, kata, kijiji au mtaa, kitongoji. Huku kuna madiwani waliopigiwa kura, na mkurugenzi ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri. Ngazi hizi zinasimama kwenye ardhi ileile lakini mipaka yake hailingani kila mahali. Wilaya ya Rungwe ina mkuu wa wilaya mmoja na halmashauri mbili, ya Rungwe na ya Busokelo. Wilaya ya Mbeya ina Halmashauri ya Jiji na halmashauri nyingine ya wilaya. Huku Iringa, Mufindi ina Halmashauri ya Mji wa Mafinga na Halmashauri ya Wilaya ya Mufindi. Yule kijana alikuwa sahihi, na ubao wangu ulikuwa na makosa.

Sasa, mambo yanachanganya kwa sababu hata mkurugenzi anateuliwa na Rais, kama mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya. Diwani ndiye anayetoka kwenye sanduku la kura. Kwa hiyo baraza la madiwani linamsimamia mtendaji ambaye halikumchagua. Mimi naona huo ni mzizi wa ugomvi mwingi tunaousikia redioni, ila hilo ni la makala nyingine.

Turudi kwa mkuu wa mkoa. Ibara ya 61 ya Katiba inasema kila mkoa utakuwa na mkuu wa mkoa, na kwa Tanzania Bara anateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Hapigiwi kura na mtu wa Mbeya wala wa Iringa. Yeye ni jicho la aliyemtuma. Swali la miaka yote ni kama jicho hilo lina mikono pia, na mikono hiyo inafika wapi.

Nyanda zetu za juu zimelijibu swali hili kwa njia tofauti tofauti. Mkwawa alikuwa na wanzagila, watu aliowaweka maeneo mbalimbali wamtawalie kwa niaba yake. Wajerumani walipoivunja ngome ya Kalenga Oktoba 1894, wakajenga boma lao pale palipo mji wa Iringa leo na kumweka ofisa wa jeshi. Hadi vita inaanza 1914, Iringa na Mahenge zilikuwa bado chini ya wanajeshi, wakati wilaya nyingine za koloni zilishakabidhiwa maofisa wa kiraia. Nadhani hapo unaona walivyotuogopa! Waingereza wakaja na majimbo. Iringa, Njombe, Rungwe, Chunya na Mbeya zikawa ndani ya jimbo moja la Nyanda za Juu Kusini, chini ya mkuu wa jimbo, na kila wilaya ikawa na Bwana DC wake.

Baada ya Uhuru jina la kiti likabadilika, na uzito wake ukabadilika zaidi. Kuanzia 1962 wakuu wa majimbo waliokuwa watumishi wa kikoloni waliondolewa, wakaja wakuu wa mikoa walioteuliwa kisiasa, na kwenye wilaya wakaja maeria kamishna, kama wazee wanavyowaita hadi leo. Jimbo letu likagawanywa kuwa mikoa ya Iringa na Mbeya. Mkuu wa mkoa alikuwa pia katibu wa TANU wa mkoa. Yaani chama na serikali vilikaa ndani ya shati moja. Mwaka 1963 machifu nao wakaondolewa kwenye utawala. Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe, kwa wakati huo alishakuwa Spika wa Bunge. Ila machifu wengi hawakupata kiti kingine.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi wetu tunapita mbele ya Chuo cha Ualimu Kleruu kila siku na hatujiulizi jina limetoka wapi.

Dk. Wilbert Kleruu alikuwa mkuu wa mkoa wa Iringa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa kusukuma vijiji vya ujamaa. Isimani, kaskazini ya mji, palikuwa na wakulima wakubwa wa mahindi waliolima kwa trekta na kuajiri vibarua. Ndipo siasa ya ujamaa ilipogongana na mtu mwenye shamba lake. Tarehe 25 Desemba 1971, sikukuu ya Krismasi, Kleruu alikwenda Isimani bila askari, akamkuta mkulima Saidi Mwamwindi shambani. Maneno yakazidi. Mwamwindi akachukua bunduki akampiga risasi mkuu wa mkoa, kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu, akaliendesha mwenyewe hadi polisi Iringa mjini, akajisalimisha. Alishtakiwa na kuhukumiwa kifo.

Hadithi hii Iringa inasimuliwa kwa namna mbili kutegemea unakunywa chai nyumbani kwa nani. Mimi sina haki ya kuamua. Mtu aliuawa, mwingine akahukumiwa kunyongwa, na familia zote mbili zilibaki na msiba. Ninachokiona kama mwanafunzi wa ualimu ni namna kiti chenyewe kilivyopangwa. Ukipinga mpango wa kijiji, umempinga mkuu wa mkoa. Ukimpinga mkuu wa mkoa, umekipinga chama. Ukikipinga chama, umeipinga serikali. Mkulima na mkuu wa mkoa walibaki wawili shambani, na ugomvi haukuwa na mlango mwingine wa kwenda.

Miezi michache baadaye, Julai 1972, ukaja mpango wa Madaraka Mikoani. Jina linavutia, hata mimi nilidhani maana yake ni wananchi kupewa madaraka. Kilichotokea ni kwamba halmashauri za wilaya zilifutwa, na madaraka yakapelekwa mikoani kwa watumishi wa serikali kuu, na washauri walioandaa mpango walitoka kampuni ya Marekani, McKinsey. Madaraka yalisogea karibu na mwananchi kwa kilomita, ila si kwa kura. Halmashauri za wilaya zilirudi kazini 1984 kwa sheria zilizopitishwa 1982. Miaka kumi na zaidi wilaya zetu hazikuwa na diwani wa kumuuliza mtu yeyote swali.

Rumeti wangu ana tamthilia ya Kichina anayoitazama kila boom likiingia bando, ya falme tatu zinazopigana. Siku moja nikamuuliza hawa magavana wenye majeshi walitoka wapi, wakati nchi ilikuwa na mfalme mmoja. Hakujua, nikaenda maktaba. Kumbe ni jambo lilelile letu.

Mwaka 106 KK mfalme Wu wa ukoo wa Han aliigawa nchi katika kanda 13, kila moja akaipa mkaguzi. Mkaguzi huyu alikuwa na cheo kidogo makusudi. Mshahara ulihesabiwa kwa vipimo vya nafaka, na daraja lake lilikuwa la vipimo 600, wakati watawala wa majimbo aliokwenda kuwakagua walikuwa wa 2,000. Alipewa mambo sita tu ya kuyaangalia, mengi yakihusu wakubwa wanaoonea watu. Hakutawala, aliona na kuripoti. Jicho bila mikono. Utaratibu ukabadilika mara kadhaa, lakini hatua mbaya ilikuja mwishoni. Uasi mkubwa wa wakulima ulizuka mwaka 184, na mwaka 188 ofisa mmoja, Liu Yan, akaishauri serikali iteue magavana wa kanda wenye cheo kikubwa na madaraka kamili: watumishi, kodi na jeshi mkononi mwa mtu mmoja. Ushauri ukakubaliwa. Liu Yan mwenyewe akapewa kanda ya Yi huko magharibi, na muda si mrefu njia ya kwenda kwake ikafungwa, wajumbe wa mfalme hawapiti tena. Wengine wakafuata, kila mmoja kwenye kanda yake. Mwaka 220 ukoo wa Han ukaisha na nchi ikagawanyika vipande vitatu, hivyo ambavyo rumeti anavitazama.

Bila shaka mkuu wa mkoa wa Njombe hawezi kufunga barabara ya Makambako na kujitangaza mfalme. Hana jeshi wala hakusanyi kodi yake, na Rais anaweza kutengua uteuzi wake saa mbili usiku tukaisoma kwenye simu. Hatari yetu haiko juu kwa Rais. Iko chini, kwa mtu ambaye mkuu anamkuta kazini kwake siku akiwa na hasira.

Walimu tunalijua hili. Februari 2009 huko Bukoba mkuu wa wilaya aliamuru walimu wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya mtihani, na wakachapwa. Walimu watu wazima! Rais Kikwete alimwondoa kazini mkuu huyo. Lakini jiulize, kabla ya fimbo kushuka, ni nani kati ya waliokuwepo alijua kwamba mkuu wa wilaya hana mamlaka hayo? Nidhamu ya mwalimu ina njia yake, leo iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Mwajiri wako wa kila siku ni mkurugenzi wa halmashauri. Mkuu wa wilaya anaweza kutembelea shule yako, kuuliza kwa nini vyoo havijaisha, kuandika na kuripoti. Hiyo ni kazi yake na ni kazi nzuri. Nimeona darasa likiezekwa ndani ya wiki mbili kwa sababu tu mkuu alisema atarudi.

Kuhusu kuwekwa ndani: Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuagiza polisi wamkamate mtu, na watu wengi wanajua saa 48 tu. Sheria haikuishia hapo. Lazima awe na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo anaweza kuvunja amani, au ametenda kosa linalokamatisha. Lazima aziandike sababu hizo. Lazima mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa hizo, la sivyo aachiwe. Na akiutumia uwezo huo vibaya, yeye mwenyewe anaweza kushtakiwa. Kuchelewa kikao, kujibu kwa sauti, au kutokuwa na takwimu za madawati haviko kwenye orodha.

Siku hizi mikoa yetu inazidi kuwa midogo. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, Songwe ikatoka Mbeya 2016 na makao makuu yakawa Vwawa. Wanaosifu wanasema ofisi imesogea, na mtu wa Ludewa au Ileje atawaelewa haraka. Wanaolalamika wanahesabu magari na majengo mapya. Mimi niko na mtu wa Ileje, ila ningependa ofisi iliyosogea iwe na diwani mwenye nguvu pembeni yake.

Wale mnaokwenda kukusanya data za utafiti mwaka wa tatu, hizi ngazi mbili zitawaokoa nauli. Barua ya chuo inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ndiyo mnayemwita RAS. Kibali kikitoka, kinashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya na kwa mkurugenzi, halafu ndipo unaonana na mkuu wa shule. Mimi nilianzia katikati nikazungushwa siku mbili, na kosa lilikuwa langu.

Kesho yake nilirudi darasani Busokelo nikachora ngazi mbili, moja kwa chaki nyeupe, nyingine kwa ya njano. Yule kijana akaziangalia, akanyoosha mkono tena. "Madam, na sisi tukitaka daraja letu litengenezwe, tunapanda ya rangi gani?"

Nikamwambia aanze na ya njano, kwa diwani. Akaandika.