Kuondoa Draiva Mbovu ya Skrini katika Kompyuta Mpakato

Na ichukuliwe kwa mfano kompyuta mpakato ya ofisi ya taaluma katika shule ya sekondari iliyoko Chumbageni, jijini Tanga. Jioni iliachwa imeunganishwa na intaneti, nayo ikapakua masahihisho ya programu zake kama ilivyo desturi. Asubuhi alama ya mtengenezaji yatokea safi, lakini mara mfumo wa Windows unapoanza kazi skrini yajaa mistari, kisha yawa nyeusi. Ndani ya mashine hiyo mna alama za muhula mzima za Kidato cha Nne. Fundi wa kwanza, akijua jinsi hewa ya chumvi ya pwani inavyokula vyuma, asema kioo kimekufa, kinunuliwe kingine. Fundi wa pili ashauri "kupiga Windows" upya, yaani kufuta yote na kuanza mwanzo. Ushauri wa kwanza waweza kupoteza fedha za shule na wa pili waweza kupoteza alama. Na huenda hakuna uliohitajika.

Dalili kubwa hapa ni wakati ambapo mistari ilitokea. Kioo kilekile, waya uleule na chipu ileile ya picha vilionyesha alama ya mtengenezaji bila kasoro sekunde chache kabla. Kilichobadilika katikati ni programu inayoitawala chipu hiyo. Programu hiyo ndiyo draiva.

Jina hilo halikuchaguliwa vizuri, kwa kuwa humfanya mwanafunzi afikirie dereva wa basi. Mfano ulio karibu zaidi ni rubani, kwa maana ya zamani ya neno hilo baharini. Nahodha wa meli ngeni aijua meli yake, lakini hajui miamba na mikondo ya bandari ya Tanga. Rubani hupanda melini na kumwongoza. Vivyo hivyo Windows haijui undani wa kila chipu ya picha iliyotengenezwa duniani. Hutoa amri za jumla, na draiva huzigeuza ziwe amri zinazofahamika na chipu iliyopo.

Kazi yenyewe si ndogo. Skrini ya kawaida ya kompyuta za bei nafuu ina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo, jumla nukta 1,049,088. Kila nukta ikichukua baiti 4, picha moja ni baiti 4,196,352. Na picha ikionyeshwa upya mara 60 kwa sekunde, baiti zaidi ya milioni 251 husomwa kila sekunde. Draiva ikikosea anwani ya kumbukumbu au kipimo cha saa, matokeo ni mistari, kumetameta au giza.

Hata hivyo kuiondoa draiva hakuiachi skrini gizani. Kabla Windows haijaanza, programu ndogo iliyotiwa na mtengenezaji katika ubao mkuu huwa imekwisha kuiamsha skrini kwa njia nyepesi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mfumo huo una draiva ya msingi inayoweza kuendelea na picha hiyo nyepesi bila kuijua chipu kwa undani. Herufi huwa kubwa na video hukwama, lakini kazi hufanyika.

Kwanza kupima

Kabla ya kuondoa chochote, yapasa kuingia katika ukurasa wa mipangilio wa mtengenezaji, ambao katika mashine nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza F2, F10 au Delete mara baada ya kuwasha. Ukurasa huo hautumii draiva ya Windows. Ukiachwa wazi kwa nusu saa bila mstari hata mmoja, kioo na waya wake vina ushahidi mzuri wa kuviachia huru. Kipimo hiki hakiikingi chipu, maana chipu iliyochoka huweza kuvumilia kazi nyepesi na kushindwa nzito. Endapo skrini ni nyeusi, imulikwe kwa tochi kutoka ubavuni; picha hafifu ikionekana, kilichozimika ni taa ya nyuma ya kioo. Vifungo vinne, Windows, Ctrl, Shift na B, vikibonyezwa pamoja huiamuru draiva ianze upya, na mara nyingine hilo hutosha.

Kuingia katika hali salama

Hali salama ni mwanzo wa Windows usiopakia draiva za ziada. Hufikiwa kwa kushikilia Shift huku ikichaguliwa amri ya kuwasha upya, kisha kufuata kurasa za utatuzi hadi mipangilio ya kuanzia na kubonyeza 4. Ikiwa hakuna kinachoonekana, mashine huzimwa kwa kitufe chake mara Windows inapoanza, na tendo hilo hurudiwa. Kwa kawaida mara ya tatu ukurasa wa matengenezo hujifungua. Disku iliyofungwa kwa BitLocker huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, nao hauna budi kutafutwa kabla.

Njia hii ilijulikana duniani kote tarehe 19 Julai 2024, pale faili yenye kasoro ya kampuni ya CrowdStrike, iliyosomwa na draiva yake ya ulinzi, ilipoangusha kompyuta takriban milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Nyingi zilitengenezwa kwa mkono, moja baada ya nyingine: mtu aliingia katika hali salama na kufuta faili hiyo.

Katika hali salama, kazi ya kwanza ni kunakili alama za wanafunzi katika flashi. Hilo lisiahirishwe.

Kuondoa

Draiva sahihi na ipakuliwe mapema katika kompyuta nyingine, kutoka kwa mtengenezaji, kwa kufuata namba ya modeli iliyo chini ya mashine. Kisha intaneti ikatwe, la sivyo Windows yaweza kuirudisha ileile mbovu. Vifungo vya Windows na X, halafu M, hufungua orodha ya vifaa. Katika sifa za chipu ya picha, toleo na tarehe ya draiva viandikwe daftarini. Kitufe cha kurudi kwenye draiva ya awali kikiwa hai, kijaribiwe kwanza. Kikiwa kimefifia, kifaa kiondolewe huku kisanduku cha kufuta na programu yake kikiwekewa alama.

Wengi hukosea kwa kukiacha kisanduku hicho. Windows huhifadhi nakala ya kila draiva katika ghala lake, na isipofutwa huko, huisimika tena mashine inapowaka. Kufuta kwa mkono hakumaanishi kuingia ghalani na kung'oa faili, kwani kumbukumbu za ghala zitavurugika. Katika dirisha la amri la msimamizi, amri hii huorodhesha zilizomo:

pnputil /enum-drivers

Itafutwe ya skrini yenye toleo lililoandikwa daftarini, na jina lake litumike. Ikiwa ni oem12.inf:

pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall

Namba hutofautiana kwa kila mashine. Kunakili 12 bila kusoma orodha ni kuhatarisha draiva ya sauti au ya mtandao. Baada ya kuwasha upya, draiva sahihi husimikwa kutoka kwenye flashi. Mistari ikirejea kwa matoleo mawili tofauti, shaka sasa ihamie kwenye chipu.

Ucheleweshaji nao una gharama. Machi 2010 kampuni ya Nvidia iliondoa toleo 196.75 la draiva yake, kwa kuwa lilivuruga feni za baadhi ya kadi za picha hata zikapata joto kupita kiasi.

Zoezi

1. Kokotoa baiti zinazosomwa kwa sekunde katika skrini ya nukta 1,920 kwa 1,080, kwa vipimo vilivyotumika hapo juu.
2. Televisheni iliyounganishwa na kompyuta yaonyesha mistari ileile iliyo katika skrini. Je, ni sehemu ipi inayoondolewa katika shaka, na ni zipi zinazobaki?