GUNDI INABANDUKA, RIBITI INASHIKA: Jinsi ya kuunga pembe na shaba bila moto

Somo la leo ni la wale mnaotengeneza hereni, vidani na bangili kwa mkono na kuuza WhatsApp na Instagram.

Tuseme upo hapa Chekereni. Umetengeneza hereni za pembe ya ng'ombe zenye urembo wa shaba juu, umebandika kwa gundi, mteja wa Dar amelipa 10,000. Faida yako 4,000. Mzigo umepanda basi Moshi mjini, umeshinda kwenye joto la buti. Mteja kavaa, jasho limeingia, wiki ya pili shaba imebanduka. Ukimtumia nyingine kwa nauli ya mzigo 5,000, faida imekwisha na mtaji umeguswa. Na komenti yake ipo pale pale, kila mteja mpya anaisoma.

Kulehemu nako haiwezekani. Pembe, mbao, kifuu na ngozi vinaungua. Hapa ndo inapoingia ribiti ya bomba: kipande kifupi cha bomba jembamba kinachopita kwenye tundu la tabaka zote, halafu midomo yake inapanuliwa huku na huku ili ikabe. Na kwa kuwa katikati panabaki wazi, unapitisha ndoano ya hereni humo humo. Ndoano haisugui tena pembe mpaka ipasuke.

MAHITAJI
✅ Bomba jembamba la shaba, kama milimita 3. Waulize mafundi friji vipande vilivyobaki. Chagua lenye ukuta mwembamba, nene halipanuki vizuri.
✅ Drili yenye biti inayolingana na unene wa nje wa bomba
✅ Msumeno wa sonara, tupa ndogo na msasa
✅ Senta panchi mbili na nyundo ndogo yenye kichwa cha duara
✅ Kipande cha chuma kizito cha kugongea

HATUA KWA HATUA

1. Lainisha bomba. Lipashe moto mpaka liwe jekundu kwa mbali, liache lipoe. Hii ni kabla halijagusa pembe. Usipolainisha, mdomo utachanika.

2. Toboa tundu MOJA kwanza, likipita tabaka zote. Bomba liingie kwa kubana. Likicheza, ribiti haitashika. Tundu liwe mbali na ukingo, angalau upana wa bomba lenyewe. Lowanisha pembe kwa maji na vaa barakoa, vumbi lake si zuri kifuani.

3. Pima urefu. Pembe milimita 2, shaba milimita 1, jumla 3. Ongeza robo tatu ya milimita kila upande, unapata 4.5. Ukizidisha, mdomo unachanika. Ukipunguza, hakuna cha kukunja.

4. Kata. Chomeka kijiti ndani ya bomba ili lisibonyee. Sawazisha ncha kwa tupa, toa makali yote ya ndani na nje.

5. Panua. Simamisha senta panchi moja chini, nyingine juu ya mdomo wa bomba, gonga kidogo kidogo. Geuza, gonga upande wa pili. Endelea kugeuza, usimalize upande mmoja peke yake. Midomo ikishafunguka, ilaze juu ya chuma na uikunje kwa kichwa cha duara cha nyundo. Haraka hapa inapasua pembe.

6. Kama kuna ribiti ya pili, toboa tundu lake SASA. Ukitoboa yote mwanzoni, tabaka zikisogea kidogo tu matundu hayakutani tena.

Kwa ngozi au mbao laini, weka washa ndogo ya shaba chini ya mdomo ili usizame.

KABLA HUJAPIGA PICHA
Jaribu kuzungusha tabaka kwa vidole. Pitisha kitambaa laini juu ya ribiti: kikinasa, itakwaruza shingo ya mteja. Rudi kwenye msasa.

SASA UZA
Usiifiche ribiti. Piga picha ya karibu, andika: "Imeungwa kwa ribiti, si gundi." Muda wa ribiti uhesabu kwenye bei. Andika pia wazi kwamba ni pembe ya ng'ombe. Meno ya tembo na nyara nyingine za wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na mteja makini lazima atauliza.

Anza na vipande vya majaribio vitano kabla ya oda ya mtu. Sevu somo hili, mtumie fundi mwenzako, na swali lako liweke kwenye komenti.